Pikapu Mbili na Kanga ya Kulalia Chini ya Gari

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua nikiwa nimevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi na viatu vya wazi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu fundi aliyekuja kuifungua injini yake zaidi ya mwaka mmoja baadaye aliniuliza swali moja tu: "Mama, siku unainunua uliingia chini?" Sikuingia. Kwa gauni lile ningeingiaje?

Nina duka la pembejeo na vyakula vya mifugo hapa Dodoma mjini, na shamba la zabibu la ekari tatu Hombolo. Mpaka mwaka 2018 mizigo yangu yote ilibebwa na magari ya kukodi: kirikuu kwa vitu vidogo vya mjini, Canter kwa mashudu ya alizeti kutoka Kibaigwa na Singida. Kwa mwezi nilikuwa natoa kati ya shilingi 600,000 na 900,000, na msimu wa zabibu zaidi ya hapo. Nikapiga hesabu kwenye daftari la duka, nikaona gari la kwangu litajilipa ndani ya miaka mitatu. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya, ila ilikosa mistari. Haikuwa na mstari wa tairi, wala wa fundi, wala wa misiba.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliandika kwenye daftari. Mwezi Aprili mwaka huo Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Wizara zilikuwa zimeshaanza kuhamia, viwanja vinapanda bei kila wiki, na ukisimama barabarani unapitwa na V8 nyeupe mfululizo kama uko kwenye msafara. Nami nikajiona mfanyabiashara wa jiji. Nikataka dabo kebini, yaani pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, nyeupe, iliyonyanyuka juu, rimu za kung'aa. Mume wangu akasema kwa kazi zetu singo kebini, yenye viti vya mbele tu, inatosha. Nikamuuliza watoto watakaa wapi. Watoto wenyewe wakati huo mmoja alikuwa chuo Mwanza na mwingine bweni Iringa.

Nikaenda Dar es Salaam na shilingi milioni 33, akiba ya miaka sita pamoja na mkopo wa kikundi chetu cha VICOBA. Yadi niliyonunulia siitaji, na kampuni iliyolitengeneza gari siitaji vilevile, maana kiwanda hakikunikosea kitu. Makosa yalikuwa ya waliolitumia kabla yangu, ya aliyeniuzia, na yangu. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, ananiita mama mkwe. Nilipofika nikakuta injini inanguruma. Akasema kaniwashia mapema nisije nikasubiri juani. Nikamshukuru!

Siku hizi nikikuta injini ya moto naaga, narudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya salamu naweka kiganja kwenye boneti. Dizeli iliyochoka huweza kujificha ikiwa ya moto. Ikiwa ya baridi ndipo inapoumbuka: inachelewa kuwaka, inatoa moshi mweupe au wa buluu usiokatika, inagonga. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka. Moshi ukitoka kwa kusukuma kama mvuke wa sufuria ya maharage, hapo hakuna gari la kununua. Yote haya niliyajua baadaye. Siku ile nilichokagua mimi ni viti, redio, na kama kiyoyozi kinapoza. Kilikuwa kinapoza vizuri sana.

Dashibodi ilisema kilomita 118,000. Mwaka uliofuata, nikisafisha kizingiti cha mlango wa dereva, nikakuta kikaratasi cha gereji kilichogandia huko ndani, kile wanachoandika lini oili ibadilishwe tena. Kiliandikwa 214,000.

Upande wa karatasi nilibahatika nusu. Namba ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ililingana na ya kwenye kadi ya usajili, na kadi ilikuwa ya kweli; hilo nilikwenda kulithibitisha mamlaka ya mapato, TRA, mwenyewe kabla ya kutoa hela, na nakushauri usikubali dalali akuthibitishie kwa simu ya rafiki yake. Ila sikuangalia faini. Nikiwa narudi nyumbani na gari jipya, kabla sijatoka Morogoro, trafiki akanisimamisha, akaingiza namba kwenye kimashine chake, akatabasamu. Faini 14 ambazo hazijalipwa, kila moja shilingi 30,000. Jumla 420,000, na aliyezifanya simjui hata sura. Faini hufuata namba ya gari, hazimfuati dereva aliyeondoka na hela zako. Mfumo wa polisi wa kuangalia uko kwenye mtandao, unaingiza namba unaona kila kitu. Siku hizi na madeni ya maegesho yanakaa kwenye namba vilevile. Dakika tano za simu zingeniokolea ada ya nusu muhula.

Wiki ya tatu nikaenda Bahi kufuata pumba za mpunga. Ilikuwa mwezi Januari, mvua imeshanyesha siku mbili. Anayeijua Bahi anajua ule udongo mweusi wa mbugani: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unakuwa kama ugali wa uwele uliozidi maji. Kijana wangu wa kazi akasema tuzunguke. Nikamwambia hii gari ni fowili, pita.

Haikuwa fowili, yaani ya kusukumwa na magurudumu yote manne. Ilikuwa imenyanyuka juu tu. Ndani hapakuwa na ule mkono mfupi wa pili pembeni ya gia, wala kitufe chochote cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Dalali hakunidanganya hata kidogo, kwa sababu sikumwuliza. Niliona gari refu nikajijibu mwenyewe. Ningeingia chini ningeona kwamba pale mbele hapana difu, lile bonge la chuma lililoko kati ya magurudumu, wala propela, ule mhimili wa chuma unaozunguka, inayokwenda mbele. Visipokuwepo hivyo viwili, gari hilo linasukumwa na magurudumu ya nyuma, hata lingekuwa refu kama twiga.

Tulizama mpaka ekseli. Ikafika jioni, mbu wa majaruba ya mpunga wakatujia. Mzee mmoja alikuja na maksai wanne. Nikamwamkia, akaitika, akalizunguka gari taratibu akiwa na fimbo yake, kisha akacheka. "Mwanangu, hii ndiyo Dodoma yenyewe." Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji wetu limetoka kwenye neno idodomya, yaani imezama, tangu tembo aliponasa kwenye tope la kijito. Nikalipa shilingi 40,000 kuwa tembo wa pili. Maksai wale waliitoa pikapu yangu ya jiji kwa dakika kumi.

Sasa nije kwenye uzito, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu magari bila kujua. Dabo kebini nyingi za aina hii zimeundwa kubeba karibu tani moja, na nyingine hazifiki. Watu wakisikia tani moja wanapakia tani moja nyuma. Lakini tani hiyo ni pamoja na watu waliokaa mbele, na bodi la chuma ulilochomelea pembeni ili upakie juu zaidi, na spea tairi la pili, na jeki. Wakikaa watu wazima wanne kwenye kebini, umeshatumia karibu kilo 300. Gunia la mashudu nilikuwa naliweka kwenye kilo 70. Nikipakia 14 nasema ni kilo 980, niko sawa. Hapana. Nilikuwa nimezidisha tangu kwenye gunia la kumi.

Tena bodi la dabo kebini ni fupi, mita moja na nusu hivi, kwa sababu nafasi imeliwa na viti vya watoto walioko Mwanza na Iringa. Mzigo usipoenea unapanda juu, na unarudi nyuma kupita ekseli, mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa na kufungwa kamba. Gari linainua pua. Usukani unakuwa mwepesi kama wa kitoto, na usiku taa zako zinamulika nyota.

Dawa niliyopewa mtaani ni kuongeza springi za nyuma, vile vyuma vinavyolazwa kimoja juu ya kingine. Nikaongeza viwili kila upande. Gari likaacha kulala, nikafurahi, nikaongeza mzigo. Nani angenizuia? Ila ukiongeza springi huongezi uwezo wa chesisi, wala wa breki, wala wa beringi za magurudumu; unachopata ni kutouona uzito uliokuwa ukikuonya. Baada ya miezi minane chesisi ikapata ufa nyuma ya kebini, upande wa kulia. Kuchomea na kuweka bamba: 380,000.

Hasara nyingine ya springi zile sikuitegemea kabisa. Zabibu za Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kreti la zabibu ni jepesi ukilinganisha na gunia la mashudu. Gari likiwa na kreti chache lilikuwa gumu kama mkokoteni, linaruka kwenye kila tuta la barabara ya Hombolo. Nikifika mjini kreti za chini zinachuruzika maji. Zabibu iliyopasuka kwenye jua letu haingoji kesho, inaanza kuchacha hapohapo. Mnunuzi anaangalia chini ya kreti kabla ya kuangalia juu, na bei inashuka huku ukimtazama.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi, ila usilipuuze. Dizeli za kisasa zenye mfumo wa komoni reli zinasukuma mafuta kwenye nozeli, vile vipulizio vya mafuta ndani ya injini, kwa presha inayozidi baa 1,000. Tairi la gari dogo halifiki hata baa tatu. Kwa presha hiyo tone la maji au punje ya vumbi ni msumeno. Kijana wa dada yangu, aliyekuwa dereva wangu, aliishiwa mafuta upande wa Mvumi akanunua kwenye dumu la kando ya njia. Taa ya njano ya maji kwenye filta ikawaka. Akaendesha nayo siku tatu. Nilipomuuliza akasema, "Mama mdogo, si gari lilikuwa linatembea?" Sikuweza hata kumgombeza, maana mimi mwenyewe sikuwahi kumwonyesha ile taa ni ya nini. Chini ya filta ya dizeli pana kitufe cha kufungulia maji yatoke. Mwonyeshe dereva wako siku ya kwanza, kabla hujamwonyesha redio.

Machi 2020, msimu wa zabibu, mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida na barabara imeharibika. Natoka Hombolo na kreti 38. Kabla ya kufika lami taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikasema moyoni nifike tu mjini. Kama kuna sentensi ningependa kuirudisha nyuma maishani mwangu, ni hiyo. Taa nyekundu ya oili maana yake ni zima injini hapo ulipo, hata kama uko katikati ya korongo, hata kama zabibu zinaoza. Nilienda kilomita nne zaidi. Kukaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani anaomba atoke, kisha kimya.

Fundi alipofungua sampo, bakuli la oili chini ya injini, akanionyesha kichujio cha oili, kile cha wavu kinachonyonya kutoka chini. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi kama lami. Akanieleza polepole, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, kwa sababu mafundi wengi wakimwona mwanamke wanataja bei tu. Chini ya kila nozeli pana washa ndogo ya shaba. Ikichakaa, moto wa silinda unapenya kidogokidogo, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito, kichujio kinaziba, na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inakauka. Mwenye gari wa kwanza angekuwa anabadilisha oili kila kilomita 5,000 na washa zile kwa wakati wake, injini ile ingekuwa inatembea mpaka leo. Kilomita 214,000 zilizogeuzwa kuwa 118,000 zilikuwa zimeficha hayo yote.

Nozeli nne zilizokarabatiwa, 3,400,000. Krenki kuchongwa, beringi, pampu ya oili, ringi na gasketi, 2,900,000. Ufundi 900,000. Kuvutwa kutoka Hombolo 150,000. Jumla 7,350,000, na zabibu nikauza nusu bei kwa watu wa kukamua. Wiki hiyo nilikuwa nafunga duka saa tisa mchana nakaa ndani peke yangu. Mume wangu hakusema neno kuhusu singo kebini. Afadhali angesema.

Nililiuza mwishoni mwa mwaka huo kwa milioni 21. Mnunuzi nilimwambia kila kitu, nikampa na kile kikaratasi cha 214,000. Akanishangaa. Akanunua hivyohivyo, maana yeye alitaka gari la kutembelea mjini na injini ilikuwa imetengenezwa upya. Kwa kazi hiyo nadhani bado linamfaa.

La pili nilitafuta miezi minne. Nilimlipa yule fundi shilingi 50,000 kwa kila gari alilokwenda kuliona, na nauli na chakula. Ndugu zangu waliona ni ujinga kulipa mtu kuangalia. Tuliangalia sita. La Singida chesisi ilikuwa imechomewa na kupakwa rangi nyeusi mpya. Ukiona chesisi ya gari la zamani inang'aa kuliko bodi, jiulize inaficha nini. La Morogoro lilikuwa na mchanga laini chini ya mazulia na kutu kwenye reli za viti: lilishawahi kuingia majini. Jingine mwenye nalo alidai kadi iko kwa kaka yake. Kadi iko benki, hiyo, au iko kwa mtu anayemdai.

Ndipo nilipoanza kubeba kanga. Ni kanga kuukuu, jina lake limeshafutika kwa grisi. Naitandika chini, naingia na tochi, nalala chali. Mwanzoni wauzaji walicheka. Halafu wanaacha kucheka, kwa sababu mtu aliyelala chini ya gari lako dakika ishirini anaona unapovuja.

Tulilipata Kongwa, kwa mzee mstaafu aliyekuwa anafuga. Toyota Hilux singo kebini, namba ya usajili ya herufi B, injini ya 5L: lita tatu, haina tabo, pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuisumbua. Fowili ya kweli. Kilomita zilikuwa nyingi na mzee hakuzificha. Alikuwa na daftari la shule aliloandika kila oili, kila tairi, mpaka balbu. Nililipa milioni 22.5 na ningelipia daftari peke yake. Siku hiyohiyo kabla ya kazi yoyote nikabadilisha mkanda wa taiming, oili zote hadi za difu, na filta zote. Mkanda ule ukikatika, vali zinakutana na pistoni na unarudi kule kwenye milioni saba.

Nisidanganye kwamba ni gari zuri la kuishi nalo. Halina kiyoyozi, na Oktoba ya Dodoma kebini inakuwa tanuri. Kwenda Iringa kupitia Mtera, ukianza kupanda Nyang'oro na mzigo, unaweka gia ya pili na kuwapungia mkono madereva wa malori wanaokupita. Kelele zake simu huisikii. Mwaka 2022 dizeli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita kabla ya serikali kuweka ruzuku, nilijifunza kungojea tangazo la bei za mafuta la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi kama watu wanavyongojea matokeo ya mpira. Lakini bodi lake lina zaidi ya mita mbili, mzigo unalala chini mbele ya ekseli, na sijaongeza springi hata moja. Napakia gunia 12 basi. La 13 linasubiri kesho.

Hata fowili ina shule yake. Mara ya kwanza kwenye korongo la mchanga nilivuta mkono, nikakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakajichimbia kaburi huku ya mbele yakitazama. Kwenye gari la namna hii magurudumu ya mbele yana vifungio vya kuzungusha kwa mkono, mafundi wanaviita habu, na mimi sikuvifunga. Sasa navifunga nikiwa bado kwenye njia kavu. Na mchangani napunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 mpaka 20, natambaa bila kubadilisha gia katikati. Pampu ya kujazia upepo inayotumia betri ya gari niliinunua 95,000, na imeshanirudishia hela hiyo mara nyingi.

Miiba ya migunga ndiyo adui wa kila wiki. La kwanza lilikuwa na tairi pana za rimu 17, moja 480,000, na mwiba ukipita ubavuni halizibiki. Hili natumia 205R16 za plai 8, nyembamba, za kizamani. Ea klina, kichujio cha hewa ya injini, napuliza kila wiki mbili kiangazi, upepo wa pole kutoka ndani kwenda nje. Kijana mmoja wa gereji aliwahi kulipuliza kwa nguvu mpaka karatasi ikapasuka, vumbi la Hombolo likawa linapita moja kwa moja kwenda injini. Spea nafuata Kariakoo mwenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024, naondoka asubuhi na kurudi jioni na begi la bushi na beringi mapajani.

Lakini gharama kubwa ya kuwa na pikapu hakuna fundi atakayekuambia. Ukinunua gari dogo umenunua gari lako. Ukinunua pikapu, umeununulia ukoo, mtaa, jumuiya na kwaya. Mwezi wa kwanza nilihamisha familia tatu. Nilibeba maturubai, masufuria ya harusi, mbuzi wa mahari, kitanda cha mwanafunzi, tenki la maji la mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja anasema "ni hapo tu." Hapo tu ya Dodoma inaweza kuwa Mpwapwa.

Na misiba. Ukimnyima mtu gari la msiba, utamsikia mpaka kwenye msiba wako. Baba yake jirani yangu alipofariki walikuja saa tano usiku. Ilikuwa bado ile dabo kebini. Tulipofika mochwari alfajiri jeneza halikuingia. Lilikuwa refu kuliko bodi, likabaki limetokeza nje na mlango wa nyuma umefunguliwa, tukalifunga kamba ya katani niliyokuwa nafungia mashudu. Vijana wawili walikaa nyuma wakalishika njia nzima, kilomita 70, nyingi za vumbi. Walipofika nyumbani kwa marehemu hawakuonekana macho. Mimi niliendesha kwa mwendo wa baiskeli na sikuwasha kiyoyozi. Nadhani siku ile, kabla hata ya injini kufa, ndipo nilipojua kwamba nilinunua gari la kukaa, watu wangu walihitaji gari la kulaza.

Wakati wa kurudi kutoka makaburini wakapanda watu 11 nyuma, siwezi kuwaambia wazee washuke. Trafiki alinisimamisha, faini 30,000, na aliniambia kitu ambacho 30,000 haikuniambia: wiki ile alikuwa ameokota watu barabarani waliomwagika kutoka kwenye pikapu kama hiyo. Tangu hapo nyuma hakai mtu. Wanaonielewa wananielewa, wasionielewa wanakodi Noah. Masharti yangu mengine mawili: dereva ni wa kwangu, na mafuta yanaingia kabla gari halijatoka. Msiba wa jirani wa karibu natoa mafuta mwenyewe. Shemeji yangu alinuna miezi miwili kwa ajili ya masharti haya, kisha akarudi na dumu la lita kumi.

Wa kukodi wanakuja pia, na hela wanayo. Nawakatalia. Namba yangu ni ya njano, ya gari binafsi. Kubeba mizigo ya watu kwa malipo kunataka namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na ajali ikitokea umebeba bila hivyo, bima watakuuliza maswali ambayo huna majibu yake.

Juzi kijana wa nyumba ya tatu, mwalimu wa sekondari, amekuja na simu mkononi. Kuna dabo kebini nyeupe Dar es Salaam, imenyanyuka juu, rimu za kung'aa, kilomita 96,000. Anataka kulima alizeti Chamwino. "Mama, unaionaje?" Nikamuuliza ana watoto wangapi. Hajaoa. Nikamuuliza ni fowili? Akaitazama picha muda mrefu.

Tumekata tiketi za treni ya Jumamosi, ya asubuhi. Nimemwambia ampigie dalali amwombe asiiwashe injini mpaka tufike. Kanga nimeshaifua, japo grisi haijatoka, nimeiweka kwenye mkoba pamoja na tochi.